Kuikosoa Serikali: Mpaka Uko Wapi?

Liko swali ambalo hurudi mara kwa mara katika mazungumzo ya jioni, iwe Pinga, Masisi, Walikale au Goma: Je, mwananchi mwema ana ruhusa ya kuisema serikali yake? Wengine hujibu upesi kwamba hana, maana mtoto mwenye adabu hamlaumu baba yake mbele ya wageni. Wengine hujibu kwa upesi ule ule kwamba aweza kusema neno lo lote alipendalo, maana serikali ni mali ya wananchi. Sisi twaona kwamba majibu yote mawili ni mafupi mno. Juma hili twapenda kulitazama swali hili kwa utulivu, kwa sababu huku Kivu ya Kaskazini watu wamefungwa gerezani kwa ajili yake, na wengine wamekufa.

Kwanza na tutenganishe mambo mawili ambayo watu hupenda kuyachanganya, yaani nchi na serikali. Nchi ni ardhi hii, mito yake, milima yake, makaburi ya wazee wetu na watoto watakaozaliwa kesho. Serikali ni watu waliokabidhiwa kazi ya kuitunza nchi kwa muda. Mzee wa Pinga aliyezaliwa kabla ya mwaka 1960 amewaona Wabelgiji wakiondoka. Amemwona Kasa-Vubu, kisha Mobutu kwa zaidi ya miaka 30, kisha Kabila baba. Ameona RCD ikitawala Kivu. Kisha Kabila mwana, na tangu Januari 2019 Rais Félix Tshisekedi. Wakuu wamepita, nchi imebaki pale pale. Basi asemaye kosa la serikali hajaitukana nchi. Mara nyingi huisema serikali kwa sababu aipenda nchi.

Wala mfano wa baba na mtoto haufai sana. Baba hakuchaguliwa na watoto wake, wala halipwi mshahara kwa kodi yao. Mfano ulio karibu zaidi waonekana kila siku katika malisho ya Masisi: mwenye ng'ombe na mchungaji wake. Mwenye ng'ombe ana haki ya kuuliza, “Mbona jana ndama walikuwa kumi na wawili, na leo twahesabu kumi?” Hakuna atakayemwita mchokozi kwa kuuliza hivyo. Lakini akisema uongo kwamba ndama walikuwa ishirini, au akimshambulia mchungaji kwa mkuki, au akiwachukia wachungaji wote wa kabila lile kwa sababu ya mmoja wao, hapo amevuka mpaka. Tukiushika mfano huu, twaweza kuendelea.

Sheria ya nchi yasemaje? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 haikunyamaza. Kifungu cha 23 champa kila mtu haki ya kutoa maoni yake kwa maneno, kwa maandishi na kwa picha, mradi aiheshimu sheria, utulivu wa watu na maadili mema. Kifungu cha 26 chawaruhusu watu kuandamana, nao wampashe habari mkuu wa mahali kwa barua. Kifungu cha 27 chaenda mbali zaidi: kila Mkongo, peke yake au pamoja na wenzake, aweza kuwaandikia wakuu wa serikali ombi au malalamiko, nao wapaswa kujibu katika muda wa miezi 3; tena hakuna awezaye kushitakiwa kwa kuwa aliandika. Kwa upande mwingine, iko sheria ya mwaka 1963 iwaadhibuyo wanaomtukana mkuu wa nchi, na sheria za adhabu zakataza kueneza uvumi wa uongo wenye kuwatia watu hofu. Basi sheria yenyewe yakiri kwamba haki ipo, na kwamba mpaka upo. Ugomvi ni juu ya mahali mpaka unapopita, na juu ya nani auchoraye.

Hatari ya kumwachia mkuu peke yake auchore mpaka huo twaiona katika mambo ya miaka ya karibuni. Mei 2021 Rais Tshisekedi aliiweka mikoa ya Kivu ya Kaskazini na Ituri chini ya utawala wa kijeshi, ule ambao watu wa kwetu huujua kwa jina la Kifaransa état de siège. Magavana wa kiraia waliondolewa, wakuu wa wilaya walibadilishwa na maofisa wa jeshi na polisi, Mabaraza ya Mikoa yakasimamishwa, na mahakama za kijeshi zikapewa kazi ya kuwahukumu hata raia. Katiba yauruhusu utawala wa namna hiyo kwa siku 30, na kuuongeza kwa siku 15 kila mara Bunge likikubali. Uliongezwa mara nyingi sana. Kusudi lilikuwa jema: kuwamaliza watu wenye silaha na kuwarudishia wananchi amani. Lakini wananchi walipoanza kuuliza, “Amani iko wapi?”, swali hilo lilionekana kuwa kosa.

Novemba 2021, huko Beni, vijana zaidi ya kumi wa Lucha, chama kilichoanzishwa Goma mwaka 2012, walikamatwa wakiandamana kuupinga utawala huo. Hawakushika bunduki. Aprili 2022 mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifungo cha miezi 12. Hapa twasema waziwazi kwamba mpaka uliovukwa siku ile haukuvukwa na vijana. Kuuliza kama dawa yaponya si kumtukana mganga, na serikali isiyotaka kuulizwa kama dawa yake yaponya hujinyima njia ya kujua hali ya mgonjwa.

Kisa kizito zaidi kilitokea Goma tarehe 30 Agosti 2023. Waumini wa dhehebu moja waliandaa maandamano ya kuwapinga askari wa Umoja wa Mataifa na wale wa nchi za Afrika Mashariki. Maandamano yalikuwa yamekatazwa. Askari wa serikali walifyatua risasi, na raia zaidi ya 50 waliuawa. Askari polisi mmoja naye alipoteza maisha mikononi mwa umati. Oktoba mwaka ule ule mahakama ya kijeshi ilimhukumu kanali mmoja wa Walinzi wa Rais adhabu ya kifo kwa mambo ya siku hiyo. Twaona basi kwamba serikali nayo ina mpaka wake. Kifungu cha 61 cha Katiba chataja haki ambazo haziondolewi hata wakati wa hatari: haki ya kuishi, katazo la kutesa watu, haki ya kujitetea mbele ya hakimu, uhuru wa dhamiri. Neno la raia, hata likiwa kali, hata likiwa na makosa ndani yake, halijibiwi kwa risasi.

Tena wakuu wa leo na wakumbuke walikotoka. Tarehe 1 Novemba 1980 wabunge 13 walimwandikia Mobutu barua ya wazi yenye kurasa zaidi ya 50, wakimwonyesha jinsi nchi ilivyoharibika. Mmoja wao alikuwa Étienne Tshisekedi, baba yake Rais Félix Tshisekedi. Walikamatwa, wakafungwa, wengine wakahamishiwa vijijini mwao. Kutoka kundi hilo kilizaliwa chama cha UDPS mwaka 1982. Lau barua ile ingesomwa kama onyo la marafiki, labda Zaire isingalifika pale ilipofika. Chama kilichozaliwa kwa kuikosoa serikali hakina uso wa kusema kwamba kukosoa ni uasi.

Lakini, wasomaji wapenzi, tusielekeze kidole upande mmoja tu. Mwananchi pia ana mipaka yake, nasi twaiona kuwa ni mitatu.

Mpaka wa kwanza ni kweli. Asemaye kwamba fedha za barabara zimeliwa, na ajue ni barabara gani, na amejuaje. Neno la uongo hulidhuru hata lile la kweli linalolifuata. Tuwatazame wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Oktoba 1966 waliandamana wakipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na bango moja lilidai kwamba afadhali enzi za ukoloni. Kwa neno hilo walijifungia mlango wenyewe. Rais Nyerere alikasirika, akawarudisha makwao zaidi ya 300. Na hata hivyo, katika malalamiko yao lilikuwamo jambo la kweli, kwamba wakubwa walipokea mishahara minono huku wakiwataka vijana wajinyime. Jambo hilo Nyerere alilisikia: siku ile ile alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Funzo ni kwa pande zote mbili. Kijana asiyepima maneno huipoteza haki yake. Na mkuu mwenye busara, hata akiwa amekasirika, huitoa punje katika makapi.

Mpaka wa pili ni kumtaja mtenda na tendo lake, wala si kabila lake. Huu ndio mpaka uvukwao kwa wepesi kabisa katika wilaya zetu, walikoishi pamoja Wanyanga, Wahunde, Wahutu, Watutsi, Watembo na wengine. Mtu huanza kwa kusema, “Ofisa yule alitoza faranga zisizo halali.” Akiishia hapo, amefanya kazi ya raia. Lakini akiongeza, “Ndivyo walivyo watu wa kabila lake,” ameiacha serikali na kumshika jirani. Ofisa ataendelea kutoza, maana hasira imekwisha kuhamia kwa mama auzaye muhogo sokoni, ambaye hakutoza kitu. Mara ngapi viongozi wenye hila wameokoka kwa njia hiyo!

Mpaka wa tatu ni silaha, na hapa Pinga ina ushuhuda wake. Mji huu umekaa mpakani mwa Masisi na Walikale, na kwa miaka mingi wakazi wake wametii amri za zaidi ya bwana mmoja. Makundi mengi yenye silaha katika wilaya zetu yalianza kwa lawama ambayo mtu mwaminifu hawezi kuikana: kwamba serikali haiwalindi watu. Lawama ilikuwa ya kweli. Lakini aliyeitoa hakubaki na neno, alichukua bunduki. Kundi la Ntabo Ntaberi Sheka lilijiita Nduma Défense du Congo, maana yake jina lenyewe lilijigamba kuwa la ulinzi. Katika miaka ya 2012 na 2013 kundi hilo na lile la APCLS ziligombania Pinga na vijiji vyake, watu wakakimbia na vyombo vyao vichwani. Agosti 2013 Madaktari Wasio na Mipaka walilazimika kusimamisha kazi yao Pinga kwa sababu ya vitisho, wagonjwa wakabaki bila mganga. Sheka alijisalimisha Julai 2017, na Novemba 2020 mahakama ya kijeshi huko Goma ilimhukumu kifungo cha maisha kwa makosa ya vita, yakiwamo mauaji na ubakaji.

Mwaka 2014 Guidon Shimiray Mwissa alijitenga na Sheka, akaunda kundi lake, NDC-Rénové, na Pinga ikawa makao yake. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika jinsi kundi hilo lilivyowatoza watu wazima faranga 1,000 kila mwezi, na aliyelipa alipewa jetoni ya kuonyesha njiani. Asiye na jetoni aliipata adhabu. Hebu tufikiri. Raia aliyechoka kutozwa na serikali isiyomlinda alijikuta akitozwa na mlinzi aliyejiteua. Tofauti ni moja tu: serikali, hata ikiwa mbaya, ina katiba ambayo mtu aweza kuifungua na kusema, “Hapa mmekosa.” Bunduki haina kifungu cha 27. Hakuna aliyeweza kumwandikia mwenye jetoni barua na kungoja jibu kwa miezi 3.

Ndiyo sababu kifungu cha 190 cha Katiba chakataza mtu ye yote kuunda jeshi lake mwenyewe, na chaliita tendo hilo uhaini mkuu. Wengine watatujibu kwamba kifungu cha 64 chamtaka kila Mkongo ampinge atwaaye madaraka kwa nguvu au ayatumiaye kinyume cha Katiba. Ni kweli, nasi twakiheshimu kifungu hicho. Lakini kupinga ni neno pana: kukataa kutii amri iliyo haramu waziwazi, kugoma, kuandika, kuandamana, kushitaki, kupiga kura. Katiba hiyo hiyo haiwezi kutoa kwa mkono mmoja ruhusa ya kuunda majeshi ya vijiji na kuikataza kwa mkono mwingine.

Twajua jibu litakalotolewa. Watu watasema, “Mwaandika maneno mazuri, lakini adui yu mlangoni. Mei 2022 makundi kadhaa yalikutana hapa hapa Pinga, yakapatana kuacha kupigana yenyewe kwa yenyewe na kuwakabili M23. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma yenyewe ilianguka mikononi mwa M23. Wakati wa vita si wakati wa kulaumu.” Hoja hii ina uzito, wala hatuidharau. Wakati wa vita yako mambo ambayo mtu mwenye akili hayasemi sokoni: askari wamekaa wapi, watapita njia gani, ni wangapi. Kuyatoa hayo si kukosoa, ni kuuza maisha ya watu. Lakini kusema kwamba askari hawakulipwa, kwamba chakula cha wakimbizi kimeuzwa, kwamba kizuizi cha barabarani chamnyang'anya mkulima mzigo wake, hayo hayamsaidii adui. Kinyume chake, kuyaficha ndiko kumsaidiako. Mficha maradhi, kifo humfichua. Na taabu ya mkazi wa Pinga ni hii, kwamba akiwalaumu wa upande huu huitwa mtu wa upande ule, na akiwalaumu wa upande ule huitwa mtu wa upande huu. Basi na ajue kwamba mwenye kipimo kimoja kwa pande zote, huyo hana upande ila wa haki.

Je, yuko aliyekwenda katika njia hii nyembamba? Yuko, na alikuwa mtu wa mkoa wetu. Emmanuel Kataliko alikuwa askofu wa Butembo-Beni kwa miaka 30 hivi, kisha mwaka 1997 akawa askofu mkuu wa Bukavu. Kwa Noeli ya mwaka 1999, RCD ilipotawala Kivu kwa msaada wa majeshi ya kigeni, aliwaandikia waumini wake barua akilaumu unyang'anyi wa mali ya nchi na mateso ya watu, na akiwalaumu pia Wakongo walioshirikiana na wanyang'anyi. Aliitia sahihi barua yake. Hakuhubiri chuki, wala hakumwita mtu ye yote kushika silaha. Februari 2000 watawala walimzuia kurudi Bukavu, wakamlazimisha kukaa Butembo. Watu wa Bukavu walisononeka, wakaonyesha uchungu wao waziwazi. Septemba mwaka ule alirudi, na tarehe 4 Oktoba 2000 akafariki huko Italia. Wasomaji wapime wenyewe: mipaka mitatu tuliyoitaja, ni upi aliouvuka? Hata mmoja. Na neno lake lilikuwa jepesi? La, lilikuwa kali kuliko risasi, kwa maana watawala waliliogopa.

Twaja sasa kwenye kazi ya nyumbani. Baba na mama wa Pinga wasio na gazeti wala redio yao wafanye nini? Wafanye kama kifungu cha 27 kiwaruhusuvyo. Wakae watu kumi, Mnyanga na Mhunde na Mhutu pamoja, wasiwe wa kabila moja. Waandike siku, mahali, tendo, na jina la kazi ya mtenda. Waandike waliyoyaona kwa macho, na yale waliyoyasikia wayaache. Waseme wataka nini kitendeke. Watie sahihi, wabaki na nakala, kisha wahesabu miezi 3. Pengine jibu halitakuja. Hata hivyo, barua yenye majina kumi hukaa, na siku ya hakimu au ya kura yaweza kufunguliwa tena. Na kama mahali fulani kutia sahihi ni kujitia kaburini, hatumlazimishi mtu kuwa shahidi wa kifo. Twamwomba tu asiwashangilie wanaomziba mdomo jirani yake.

Na ninyi wanafunzi, ambao simu zenu hupeleka neno Kinshasa kabla uji haujapoa, jiulizeni maswali matatu kabla ya kulituma. Je, ni kweli, na najua nimelijuaje? Je, lamtaja mtenda, au lawalaani watu wa kabila lake? Je, lamwita mtu kusema, au lamwita kuua? Likishinda maswali haya, lisemeni bila hofu, hata kama mkuu atakunja uso. Likishindwa hata moja, liacheni, ingawa rafiki zenu wote wamekwisha kulisambaza.